Niulizeni Mifungo kwa Kurudi Nyuma

Wanangu mnaovaa sare ya uuguzi siku hizi, mwezi ujao napasuliwa moyo. Kilango kimoja cha moyo wangu kimekuwa kigumu, hakifunguki inavyotakiwa, na daktari wa Nairobi ameniambia nikikiacha hivyo mwaka mwingine sitaweza kupanda ngazi ya nyumba yangu mwenyewe hapa Langoni. Nimekubali. Kisu sikiogopi, nimefanya kazi na watu wenye mikono mizuri. Ninachoogopa ni siku ya pili, ya tatu, ya nne baada ya kisu, pale kifua kimeshashonwa, mashine zimetolewa, jamaa wanashukuru Mungu, na akili ya mgonjwa inaondoka polepole bila kumuaga mtu.

Nimekuwa muuguzi zaidi ya miaka thelathini. Kumi na mmoja nilikuwa Nairobi, katika wodi ya mahututi ya wagonjwa wa moyo, na iliyobaki hapa Amu, kisiwani Lamu. Kuondoka huko kwa akili nimekuona mara nyingi, nikakutambua na kukuwahi. Mara moja sikukutambua. Hiyo ya kutotambua ndiyo nitakayowaeleza, kwa sababu hata sasa inaniuma.

Madaktari huiita deliriamu. Sisi tulizoea kusema mgonjwa anaweweseka, na neno hilo ndilo lililoniponza. Mtu anayeweweseka unamsikia. Anapiga kelele, anachomoa mipira, anamwita marehemu mamake, anataka kushuka kitandani aende sokoni. Nilikuwa na mmoja Nairobi, mwalimu mkuu mstaafu, siku ya tatu baada ya upasuaji akatupanga mstari asubuhi na kukagua kucha zetu. Zangu zilipita. Za Sista Mshai, mkubwa wa wodi, hazikupita, akaambiwa arudi nyumbani akazikate. Tulicheka, lakini daktari alikuwa ameshaitwa, kwa sababu mgonjwa wa namna hiyo hata ukitaka kumsahau hakuruhusu. Wapo wengine hawasemi kitu. Wanalala, wanatazama ukuta, wanajibu neno moja, nasi tunaandika kwenye faili: ametulia.

Huyo Sista Mshai alikuwa Mtaita, mfupi, viatu vyake havikutoa sauti, kwa hiyo ulimjua yupo nyuma yako pale aliposema jina lako. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba akili ya mgonjwa hupimwa kila zamu, sawasawa na presha. Kabla ya kumwuliza mgonjwa lolote, alimwuliza jamaa yake: "Mtu wako akiwa mzima huwa yukoje?" Kisha alimwambia mgonjwa ataje miezi kwa kurudi nyuma, Desemba mpaka Januari. "Kwenda mbele hata kasuku anaweza," alikuwa akisema. "Kurudi nyuma lazima mtu awepo."

Siku moja tukapokea bi kizee wa Shela, kisiwani kwetu, amebadilishiwa kilango. Muuguzi mmoja wa bara akamwuliza huu ni mwezi gani, yule bibi akajibu Mfungo Saba. Muuguzi akaandika: hajui mwezi. Baadaye bibi akauliza ndia ya kwenda msalani ni ipi, na ikaandikwa kwamba mgonjwa anataka kwenda India. Alipoomba mai akaletewa yai la kuchemsha. Nilipoingia zamu nikalikuta yai mezani, halijaguswa, na bibi wa watu kiu imemkausha midomo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikakasirika. Niliwaeleza kwamba kwetu ndia ni njia na mai ni maji, na kwamba sisi huhesabu kuanzia Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mpaka Mfungo Tisa, ndipo inakuja Rajabu na Shaabani. Bibi alikuwa timamu kuliko sisi sote. Sista Mshai aliniagiza niandike maneno yetu kwenye karatasi niyabandike ukutani, na tangu siku hiyo nikajiona bingwa. Mgonjwa wa Amu hakuna atakayemwelewa ila mimi. Nilirudi kufanya kazi nyumbani na majivuno hayo mkobani.

Bwana Athmani alikuwa mshona kofia, nyumba ya nne kutoka kwangu. Zile kofia za vitobo, ambazo kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa sindano mpaka mtu anakaa miezi na kofia moja. Alikuwa mjane, akiishi na bintiye Rukia, na mtaa mzima ulimjua kwa kugombeza. Aligombeza punda, aligombeza mafundi, aligombeza watu waliomsalimia kwa sauti ndogo. Alipandikizwa mishipa ya moyo Nairobi, akarudi kwa ndege siku ya kumi, ana kovu kifuani na mto mdogo mkononi. Mto huo ni wa kukumbatia wakati wa kukohoa, ili mfupa wa kifua uliofungwa kwa waya usitikisike. Msimwache mgonjwa aupoteze, wala watoto wasiuchukue wakaukalia. Mimi nilikuwa nikienda kila asubuhi kumsafisha kidonda.

Asubuhi ya kwanza alinigombeza kwa kuchelewa. Ya pili alinigombeza kwa kuwahi. Nikaandika: hajambo. Kisha kikohozi kikamnyima usingizi, na Rukia kwa huruma akamhamishia chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha, apate kupumzika. Miwani yake akaifungia kabatini isije ikavunjika. Mambo yote mawili niliyaona kwa macho yangu, nikampongeza.

Asubuhi ya nne Bwana Athmani hakunigombeza.

"Ametulia yeo," Rukia akasema. "Alhamdulillahi."

Nami nikasema alhamdulillahi. Nilimwuliza mgonjwa huu ni mwezi gani. Akasema, "Mfungo Sita." Na kweli ulikuwa Mfungo Sita, Amu nzima inajiandaa kwa Maulidi, matari yanasikika mpaka mle chumbani. Nikamwomba asome Fatiha, akaisoma bila kukosa herufi. Nikaandika: akili timamu. Leo najua kwamba mtu aliyeisoma Fatiha tangu hajaota meno yote ataisoma hata akili ikiwa haipo, na kwamba mwezi ule alikuwa anaimbiwa na mji mzima.

Asubuhi ya tano nilikuta vidole vyake vinakwenda. Kidole gumba na cha shahada vimebana kitu, vinachoma shuka, vinavuta, vinachoma tena.

"Bwana Athmani, kofia ya nani hiyo?" nikamwuliza.

"Ya Maulidi," akasema bila kunitazama.

Rukia alitokwa na machozi ya furaha, baba amerudia kazi yake. Tulicheka sote wawili, tukamsifu. Nikakusanya vifaa vyangu nikaenda zangu. Wanangu, niliiona dalili inayosomeshwa darasa la kwanza la uuguzi, mgonjwa anayedonoa shuka, na kwa kuwa ilikuwa imevaa kofia ya kwetu nikaipigia makofi.

Adhuhuri nilimpigia simu Sista Mshai, aliyekuwa amestaafu na kurudi kwao Taita. Tulikuwa na kawaida ya kupigiana. Nikamsimulia kwa mbwembwe habari ya fundi wangu anayeshona kitandani.

"Ameshika sindano?" akauliza.

"Hana sindano, Sista. Ni mazoea ya mkono."

"Uzi?"

"Hana."

"Kofia je?"

"Iko rafuni."

"Zubeda, basi huyo mtu hashoni," akasema. "Akiwa mzima huwa yukoje?"

"Mgomvi."

"Na leo?"

"Ametulia."

"Umemwambia ahesabu kurudi nyuma?"

"Mwezi ameujua. Amesema Mfungo Sita."

"Hata mimi huku Taita najua ni Maulidi huko kwenu. Rudi kwa mgonjwa."

Nilirudi nusu nikitembea nusu nikikimbia, buibui mkononi, na moyo wangu huu mbovu ukinipigia kelele. Niliona haya. Mtu aliyegombeza Langoni miaka yote ile amenyamaza, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Nilikaa mbele ya Bwana Athmani. "Nitajie mifungo kwa kurudi nyuma," nikamwambia. "Tuanze Shaabani."

"Shaabani," akasema. "Rajabu." Vidole vikaendelea kuchoma shuka. "Rajabu. Rajabu na... hawa watu wa yuu watashuka lini?"

Nikatazama juu. Palikuwa na boriti tu.

"Watu gani, Bwana Athmani?"

"Hawa walokuya kunitukua. Rukia ameniuza kwao. Amewapa na mato yangu." Akajipapasa macho.

Rukia aliziba mdomo kwa kanga. Sikumtuliza, sikuwa na nafasi. Mapigo ya mgonjwa yalikuwa yanakimbia na pumzi ilikuwa fupi. Nilipompapasa chini ya kitovu nikakuta pamejaa, pagumu, naye akaruka kwa maumivu. Nikauliza amekojoa lini. Rukia hakukumbuka, labda jana asubuhi. Nikauliza anakunywa dawa gani, akaniletea zile za hospitali, zote sawa. Nikamwambia sasa alete kila kitu kinachoingia mdomoni mwa babake, kiwe dawa, chai au asali. Ndipo akatoa vidonge vidogo vya mafua, vile vya dukani vinavyoleta usingizi. Viwili wakati wa kulala, kimoja baada ya chakula cha mchana.

"Zamsaidia kulala, Bi Zubeda," akasema. "Kila mtu hunywa."

Ni kweli, kila mtu hunywa, hata mimi nimekunywa. Lakini kwa mzee aliyetoka kupasuliwa moyo, vidonge hivyo vinaweza kuvuruga akili na kufunga mkojo kwa pamoja. Sikumlaumu Rukia. Siku zote nilikuwa namwuliza, "Amekunywa dawa?" naye akinijibu, "Amekunywa." Swali bovu hujibiwa hivyo hivyo. Ombeni muonyeshwe.

Wakati tunamtayarisha aende hospitali, mikono ikaacha shuka ikahamia kifuani, kwenye bandeji. Akaanza kuing'oa. Mjombake Rukia, Mzee Bakari, alikuwa ameshafika, na kwa maoni yake hilo lilikuwa shetani. Hospitali ingoje kesho, aitwe kwanza mtu wa kusoma, na kwa sasa mikono ifungwe kwa kikoi kabla mtu hajajipasua kifua. Alikuwa na kikoi mkononi tayari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na mwenye hofu hutafuta cha kufunga.

"Mzee Bakari, msomee," nikamwambia. "Msomee ndiani tukienda, nami nitaitikia amina. Lakini mikono hafungwi, na kesho hatungoji."

"Akiondoa bandeji?"

"Tutampa kazi."

Nilichukua rafuni kofia yake iliyofika nusu, nikahakikisha haina sindano, nikamwekea mikononi. Vidole vikaiacha bandeji, vikaanza kuhesabu vitobo. Mkimfunga mgonjwa wa namna hii atapigana na kamba, na kifua kilichofungwa kwa waya hakitaki vita. Tulimkalisha kwenye kiti, wanaume wanne wakambeba kwenye vichochoro, mimi mbele nikiwasogeza punda, Mzee Bakari kando akisoma kwa sauti nzuri. Mgonjwa alishona mpaka mlango wa hospitali.

Walimtia mpira wa mkojo, na mfuko ukajaa huku tukiutazama. Picha ikaonyesha pafu limeanza kujaa upande wa chini. Akapewa oksijeni na dawa za pafu, vidonge vya mafua vikaishia hapo. Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole. Aliniuliza dalili zilianza lini. Nilikuwa na njia ya kumjibu kijanja. Nilimwambia zilianza jana, mimi nilikuwapo na sikuziona. Akaandika hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni hili, maana hapa ndipo vijana wengi wanakata tamaa. Mkojo ulitoka siku hiyo. Akili haikurudi siku hiyo. Tuliweka kitanda karibu na dirisha, tukamvisha miwani. Kila aliyeingia alitaja jina lake na kumwambia yuko wapi na kwa nini, hata kama alishaambiwa mara kumi. Rukia alikuwa wa asubuhi, Mzee Bakari wa jioni, wengine nikawazuia mlangoni. Mnawajua wageni wa Amu, huja kumi na wawili kwa mgonjwa mmoja na kila mmoja ana dawa anayoijua. Nimetukanwa na jamaa zangu wa damu kwenye mlango ule. Mchana tulimkalisha kitini, usiku tuliacha alale bila kumuamsha kwa mambo yanayoweza kungoja asubuhi. Kila siku nilimwuliza mifungo. Siku ya kwanza alikwama Rajabu. Siku ya pili alifika Mfungo Tisa, akaniuliza mimi ni nani. Siku ya tatu alirudi Rajabu, na Rukia akaenda kulia chooni. Nilimfuata nikamwambia tutauliza tena kesho, na keshokutwa, na mimi sichoki kabla yako.

Siku ya tano alikataa kujibu. Nilikuwa nimechoka, nikaamua nimwanzishie mwenyewe, labda atafuata. "Shaabani," nikasema, "Rajabu, Mfungo Tisa, Nane, Saba, Sita, Tano, Tatu..."

"Mfungo Nne umeuwata wapi?"

Alikuwa ananitazama juu ya miwani.

"Tangu chuoni huyui kuhesabu," akasema. "Sasa wewe ndiye wa kunipima mimi?"

Ni kweli. Ulimi wangu una ila hiyo tangu tukisoma chuo kimoja cha Kurani, mimi mdogo na yeye mkubwa wa kutusimamia. Nikirudi nyuma, nikitoka Tano natua Tatu, na nimechapwa sana kwa ajili ya Nne. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikalia kama mtoto. Akanigombeza kwa kuukalia mto wake.

Mngedhani kazi imeisha hapo. Haikuisha. Rukia alipoleta uji, babake hakumtazama usoni, siku hiyo na siku iliyofuata. Watu hudhani mgonjwa anasahau. Wengine husahau, wengine hukumbuka vipande, na vipande hivyo vinawakaa rohoni miaka. Nikamwita Rukia, nikaketi baina yao, nikamweleza Bwana Athmani kila kitu: jina la ugonjwa, vidonge, mkojo, pafu, na maneno aliyoyasema, yote, hata yale mabaya.

"Nilisema ameniuza?"

"Ulisema."

"Na yeye alikuwapo?"

"Alikuwa amekushika mguu."

Akamgeukia Rukia. "Na mato yangu je? Hayo nayakumbuka. Nilikuwa sioni."

"Miwani niliifungia kabatini, Baba," Rukia akasema. "Niliogopa itavundika."

"Basi nusu ya kesi nilikuwa na haki," akasema, akanyoosha mkono kuuomba uji.

Yu hai mpaka leo, bado anagombeza. Habari za moyo wangu zilipomfikia alikuja mwenyewe mpaka kwangu, akapanda ngazi bila kupumzika ili anitie haya, akaniambia niende nikapasuliwe niache kuwasumbua watu.

Nami nitakwenda. Hiki nimekiandika kwa ajili yenu nyote, lakini kwanza kwa wale watakaokuwa zamu kando ya kitanda changu. Karatasi hii itakuwa mkobani, juu ya kanga, na Rukia anayenisindikiza ameagizwa aitoe kabla hata hajatoa tende. Mtakaponipokea mtataka kujua nikiwa mzima huwa nikoje, kwa hiyo andikeni. Nasema sana. Nikinyamaza nusu saa nina shida. Chai ikipoa naikataa. Miwani yangu ni ya bluu na nataka iwe usoni, si kabatini. Nikiomba mai, ni maji. Nikiona watu darini, msibishane nami na msinifunge, niambieni mko nani na mnipe kitu cha kushika. Msidanganyike kwa Fatiha, wala kwa utulivu wangu.

Na kila zamu niulizeni mifungo kwa kurudi nyuma, kuanzia Shaabani. Nikitoka Tano nikatua Tatu, mshukuruni Mungu, ni mimi. Siku nitakayowatajia Mfungo Nne bila kukosea, mwiteni daktari.